Mkufu wa Don Higinio

"Hivi mtu akishakufa, nishani zake zinabaki kuwa za nani?"

Doña Práxedes alimuuliza jirani yake swali hilo kwenye ngazi, miaka sita iliyopita, akiwa na mkate mkononi. Mumewe Don Higinio, balozi mstaafu, alikuwa mzima wakati huo, anakohoa huko juu ghorofa ya pili.

Leocadia Bustos wa ghorofa ya nne akamjibu kwa ufupi.

"Nyingine ni za familia. Mkufu tu ndio unarudi serikalini."

"Wewe karani wa posta umeyajulia wapi hayo?"

"Barua nyingi zinapita mikononi mwangu, jirani."

Wakacheka. Yakaisha.

Leo ilikuwa Jumanne ya Oktoba mwaka 1994. Don Higinio alikuwa na wiki tatu kaburini. Leocadia alikuwa anatoka misa ya asubuhi, magoti yanamuuma, simu ya Motorola ikatetemeka ndani ya kikapu cha sokoni, chini ya vitunguu.

Akaitoa.

"Ndege wa buluu anarudi kiotoni saa sita," ilisema sauti. Ilikuwa ya Bermejo, mkuu wake wa kazi.

"Nimesikia."

"Kuna redio ngeni inarusha mawimbi tangu juzi. Inatoka jengo lenu, Leocadia. Ghorofa ya pili."

Leocadia alisimama katikati ya njia. Mtu akampita akinung'unika.

"Ghorofa ya pili anakaa mjane," alisema. "Peke yake."

"Ndiyo huyo. Yeye ndiye kawafungulia mlango majasusi. Akileta mkufu wa mumewe ofisi ya nishani saa sita, nitamkamata hapo hapo mapokezini."

"Mbele ya watu? Na nguo zake za msiba?"

"Una jina lingine la kunipa?"

"Bado."

"Basi una mpaka saa sita."

Simu ikakatika.

Leocadia alitazama saa yake ya Casio. Saa tatu kasorobo.

Miaka thelathini na moja alikuwa akiifanya kazi hii ya usalama, kwa siri. Mumewe Amancio, Mungu amrehemu, alizikwa akiamini mkewe anapanga barua posta. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na bastola aina ya Astra, rozari ya mbao, na uchovu ambao usingizi ulikuwa umeshindwa kuutoa.

Alipofika kwenye jengo lao, mtaa wa Chamberí, Madrid, aliona gari dogo jeupe aina ya Citroën C15, limeegeshwa kando ya njia. Ubavuni limeandikwa MATENGENEZO YA LIFTI. Dereva alikuwa amevaa vidude vya kusikilizia masikioni.

Lifti yao haikuwa mbovu. Ilikuwa ya polepole tu, tangu ilipofungwa.

Akapanda nayo hadi ghorofa ya pili.

Doña Práxedes alimfungulia akiwa amekwisha kuvaa: gauni jeusi, lulu mbili masikioni, viatu vya ndani. Jikoni kahawa ilikuwa tayari, na sahani ya vibiskuti vya mviringo vyenye sukari.

"Kaa, shoga. Saa tano na nusu naagiza teksi. Nitaupeleka mwenyewe kwa mikono yangu. Higinio alinisihi."

Kasha lilikuwa wazi mezani. Mkufu wa Nishani ya Kifalme ya Carlos wa Tatu ulikuwa umelala ndani yake: minara, simba, herufi za mfalme, na chini yake kidani cha msalaba chenye sura ya Bikira Maria Mkingiwa.

Mfalme huyo aliianzisha nishani hiyo mwaka 1771, alipopata mjukuu, akaiweka chini ya ulinzi wa Bikira. Jamhuri ikaja ikaifuta. Baadaye ikarudishwa. Watu wa nchi hii wameivua na kuivaa tena kama koti.

"Umeng'aa," alisema Leocadia.

"Si ndiyo? Yule bwana wa ofisi ya nishani aliuchukua kuusafisha. Bwana Valcárcel. Mstaarabu kweli! Alikaa hapo ulipokaa wewe, saa mbili nzima, ananisikiliza habari za Higinio. Wiki ya kwanza walinijaa humu. Wiki ya pili hata simu hakuna. Yeye tu ndiye aliyekuja."

"Alichukua mkufu peke yake?"

"Alichukua vyote. Ile tepe ya buluu na nyeupe, nyota ya kifuani, mpaka kile kimsalaba cha kwanza, alichopewa Higinio akiwa kijana hata kitambi hana. Eti kwa sheria vyote vinarudi. Juzi akaniletea vyote, akasema niviweke pamoja, saa sita nivikabidhi."

Leocadia aliweka kikombe chini taratibu.

Don Higinio alikuwa ameipanda ngazi yote. Alianza na Msalaba. Akapanda kwenye Ukamanda, kisha Ukamanda wa Namba wenye nyota kifuani. Akafika Msalaba Mkuu wenye tepe ya kuvuka bega. Mwisho kabisa, Mkufu. Mtu wa ofisi ile angejua, hata akiwa mlevi, kwamba vya madaraja ya chini mjane hubaki navyo. Mkufu peke yake ndio hurudi. Unarudi, unafungiwa, halafu unavishwa mwingine.

Kesho mkufu huu ungevishwa rais mgeni. Angekaa nao kifuani karamu nzima, na baada ya karamu angeingia kwenye mazungumzo ya faragha.

"Na tazama," Doña Práxedes aliendelea, akigusa kidani. "Bikira amepona. Higinio aliuangusha bafuni, siku ya harusi ya mpwa wake, rangi ya joho ikabanduka hapa. Sasa hata kovu huoni. Nilisema hawa mafundi wana mikono ya—"

Leocadia alimziba mdomo kwa kiganja.

Kwa mkono wa pili akafungua bomba la maji mpaka mwisho. Akamvuta jirani yake mpaka bafuni, akafunga mlango.

"Una wazimu?" Doña Práxedes alinong'ona kwa hasira.

"Hicho kidani si chako. Kina kifaa cha kunasia sauti. Kinatusikia tangu tulipokaa."

Doña Práxedes akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. 

"Nilimpa kahawa kwenye kikombe cha Higinio," akasema.

"Najua."

"Watasema ni mimi?"

"Ndivyo wanavyosema sasa hivi. Saa sita wanakukamata. Jina la mumeo litakwenda nawe kwenye magazeti."

"Na wewe ni nani, Leocadia?"

Leocadia alikuwa bado na kikapu mkononi. Alifungua kikapu, akasogeza vitunguu. Doña Práxedes aliiona bastola. Akafanya ishara ya msalaba.

"Karani wa posta!" alisema.

"Nisikilize. Tunarudi mezani. Mimi nitasema, wewe utaitikia. Wao ndio wanaotusikiliza, basi tuwape cha kusikia."

Wakarudi. Leocadia akafunga bomba.

"Shoga, nilisahau kukwambia!" alisema kwa sauti ya sokoni. "Ofisi ya nishani walipiga kwangu, simu yako haipatikani. Wanasema mkufu ukifika bila karatasi ya fundi aliyeusafisha, wanaufungua kipande kipande kuukagua. Rais wa watu watampa mwingine."

"Uuui!" Doña Práxedes alipiga yowe kama ameona panya. "Karatasi! Mimi sina karatasi! Ah, bwana Valcárcel, umeniua mjane wa watu!"

Leocadia alimkanyaga mguu. Yowe lilikuwa limezidi.

"Labda atakumbuka mwenyewe ailete," alisema.

"Ailete! Kabla ya saa tano na nusu! La sivyo nitakwenda kulia mbele ya waziri!"

Leocadia alimvuta mpaka sebuleni, akamwambia sikioni: "Akija, muulize swali moja. Vitu gani vinarudi. Basi. Usilie."

Akashuka.

Kwanza aliendesha gari lake la Seat mpaka ilipo ile Citroën C15, akaliegesha ubavuni mwake, limeibana kabisa. Akavuta breki ya mkono. Akaondoka na ufunguo, kama wafanyavyo wote mtaani wakienda kununua mkate.

Dereva alishusha kioo. "We mama! Nitatokaje?"

"Dakika mbili tu, mwanangu."

"Kila mtu Madrid ana dakika mbili!"

Kisha akaingia kwenye kibanda cha bawabu, ambaye Jumanne huwa mapumzikoni. Akavaa aproni, akatia bastola na simu mfukoni mwake. Akachukua ndoo, sabuni na ufagio wa deki. Akaanza kupiga deki ukumbi wa chini.

Saa nne na dakika kumi mlango wa barabarani ulifunguliwa.

Mwanamume wa miaka arobaini hivi. Suti ya kijivu, nywele za mafuta, mkoba wa ngozi. Hakumtazama mwanamke mwenye ndoo. Hakuna anayemtazama.

"Unanikanyagia, bwana!"

"Samahani, mama."

Akapanda ngazi mbili mbili.

Leocadia alifunga mlango wa barabarani kwa ufunguo wa bawabu. Mara mbili. Akamwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni sakafuni. Akaita lifti.

Lifti ilikuja ikilia kama paka mzee.

Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi kidogo. Alisikia sauti ya Doña Práxedes, imetulia, ya mke wa balozi.

"Hebu niambie tena, bwana. Vinarudi vitu gani?"

"Vyote, bibi. Mkufu, tepe, nyota, misalaba. Sheria ni sheria. Na karatasi yako hii hapa."

Leocadia alisukuma mlango.

"Sheria ipi?"

Valcárcel aligeuka. Aliona aproni kwanza. Kisha aliona Astra.

Aliurusha mkoba.

Ulimpata Leocadia begani, bastola ikaelekea dari. Mwanamume akampita kama upepo, akashuka ngazi mbio.

"Mkimbilie!" alipiga kelele Doña Práxedes.

"Kwa magoti haya?"

Akarudi ndani ya lifti. Akabonyeza. Lifti ikafikiri kidogo, ikaanza kushuka.

Huko chini alisikia mlango ukitikiswa. Mara moja. Mara mbili. Halafu tusi. Akatoa Motorola, akajitaja kwa jina lake la kazi.

"Kiota, hapa Mfumaji. Nina jina ulilotaka. Leta watu."

"Wapi?" iliuliza sauti ya Bermejo.

"Kwangu."

Lifti ilisimama. Kupitia wavu alimwona Valcárcel amegeuka, mkononi bastola ndogo. Alipiga hatua moja kuielekea lifti.

Kiatu cha ngozi kilikutana na sabuni.

Alianguka chali, kichwa kikagonga ngazi ya kwanza. Bastola yake ikateleza mpaka miguuni mwa Leocadia, aliyekuwa ameshafungua wavu. Akaifunika kwa kiatu.

"Usiinuke," alisema. "Kuna maji. Utaanguka tena."

Nje honi ilikuwa inapigwa mfululizo. Dereva alikuwa amezibwa na Seat mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Acha kelele wewe!" mwanamke mmoja alimfokea toka dirishani. "Kuna wagonjwa humu! Subiri kama wenzio!"

Alisubiri. Watu wa Bermejo walifika baada ya dakika tisa, wakamkuta bado anapiga honi.

Leocadia mwenyewe ndiye aliyepekua gari. Mashine ya kupokelea sauti. Kanda za Sony. Na ndani ya kopo la Cola Cao, kimezikwa kwenye unga wa kakao, kidani chenye Bikira, joho lake limebanduka rangi upande wa kushoto.

Alikifuta kwa aproni, akaenda kukirudisha kwenye mkufu.

Saa sita kamili, Doña Práxedes aliingia ofisi ya nishani kwa miguu yake, na hakuna aliyemgusa. Aliweka kasha mezani. Alilibusu kovu la joho la Bikira, akalisogeza kasha kwa karani. Karani akasoma namba ya mkufu, akagonga muhuri, akampa hati ya makabidhiano.

"Tepe, nyota na misalaba mingine, bibi, ni vyako," alisema karani.

"Nimeshaambiwa," alisema Doña Práxedes. "Na karani wa posta."

Alipita mbele ya Leocadia kwenye korido. Akasimama.

"Kesho kahawa?" aliuliza.

"Kesho."

"Na utanieleza?"

"Hapana."

"Haya. Lakini njoo." Akaondoka, viatu vikigonga marumaru.

Bermejo alimwita kwenye chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Alikuwa na aibu kidogo, na aibu ya Bermejo ilifanana na haraka.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Nilikuwa nimemkosea yule mama."

"Ndiyo."

"Tumekuandalia kitu."

Akafungua kikasha. Msalaba wa Carlos wa Tatu, daraja la kwanza kutoka chini, umening'inia kwenye fundo la utepe wa kike, buluu na nyeupe.

"Hutauvaa nje ya chumba hiki," alisema Bermejo. "Jina lako halitangazwi gazetini. Tutautunza sisi kwenye kasha la chuma. Unaelewa."

Leocadia aliutazama muda mrefu. Bikira alikuwa mzima, mpya kabisa, hajawahi kuangushwa na mtu.

"Na nikifa, unarudi?"

"Hapana, wa daraja hilo haurudi. Unabaki kwa familia."

"Familia gani?"

 Bermejo akaanza kupanga makaratasi mezani.

Leocadia alifunika kikasha, akakirudisha upande wa Bermejo wa meza. Akachukua kikapu. Vitunguu bado vilikuwemo. Akatoka.