Sekunde Tano za Kimya

Rafiki yangu Zdravka, wa hapa Plovdiv, Bulgaria, hujitolea katika kikundi cha mtandaoni kinachosoma na kurekodi hadithi za kale za majira ya baridi, zile ambazo hakimiliki yake imekwisha na sasa ni mali ya umma. Hujifungia kabatini, gizani, katikati ya makoti ya marehemu shangazi yake, ili kelele za mtaani zisiingie. Akimaliza kusoma huacha sekunde tano za kimya mwishoni mwa rekodi, ndiyo kanuni ya kikundi chao.

Juzi Radomir, anayekagua rekodi za kikundi, alimpigia simu. "Dada, umesoma vizuri, ila mwambie mwenzio ageuze kurasa taratibu. Ananikera!"

"Mwenzangu yupi, wewe? Humo hata mimi sienei. Na kurasa zipi? Mimi nasomea kwenye simu."

Zdravka akafungua rekodi, akasikiliza hadi mwisho. Katika zile sekunde tano, mtu alilamba kidole, akageuza ukurasa.