Kompresa Hujizima Yenyewe

Asubuhi hiyo Ardis Skogmo alikuwa na kazi mbili mbele yake: kuoka keki ya maboga ya kupeleka kanisani, na kulitayarisha trela kwa majira ya baridi. Kazi ya tatu hakuwa ameitamka kwa mtu, hata kwa paka.

Ilikuwa ile wiki ya Oktoba ambayo watu wote wa kaskazini mwa Minnesota huchungulia kipimajoto kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Miti ilikuwa imebaki mifupa. Pembezoni mwa Ziwa Fisimaji maji yalishika utando wa barafu, mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Maji yakisahauliwa ndani ya mabomba ya trela huganda, hutanuka, hupasua kila kitu kimyakimya, na mwenyewe hajui mpaka Mei, anapofungua koki na kuoga akiwa amevaa koti.

Trela lenyewe lilikaa kando ya nyumba, chini ya misonobari: kijumba cheupe cha magurudumu chenye kitanda, jiko, choo, na bafu ambalo mtu mzima huingia kama barua kwenye bahasha. Kaunti ilikuwa imeandika kwamba limeegeshwa karibu mno na ziwa. Barua ilielekezwa kwa Verlyn, mume wa Ardis. Ardis alipiga simu kueleza kwamba Verlyn alifariki mwaka jana. Sauti yenye adabu nyingi ilimpa pole, kisha ikasema kwamba kwa utaratibu mwenye jina ndiye anayetakiwa kufika, yeye mwenyewe, na kitambulisho.

“Nitamwambia,” alisema Ardis, akakata simu.

Duane, mdogo wake Verlyn, aliwasili na gari lake la mizigo, kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, nyuma yake, na madumu ya ile dawa ya pinki inayozuia mabomba kupasuka. Kabla ya kushusha chochote alitoa futi akapima kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye msonobari mkubwa.

“Unapima jeneza?” Ardis alimuuliza kutoka mlangoni.

“Aa, shemeji, napima tu. Huwezi kujua.”

“Kujua nini? Mimi nipo.”

“Na Mungu akuweke. Lakini nyumba yote hii, mtu mmoja, na theluji ya kuchota kila asubuhi… Ukichoka, kuna mimi.”

“Nikichoka nitalala.”

Duane alicheka, akashusha kofia yake yenye masikio ya manyoya. “Haya. Leo nani anaingia ndani? Maana wa ndani wetu…” Alitazama ziwa, kisha akatazama viatu vyake. “Utaingia wewe?”

“Wewe washa. Ngoja kwanza niweke keki kwenye oveni.”

Kazi ile hutaka watu wawili, wa nje na wa ndani. Wa nje husukuma upepo wa kompresa kwenye mabomba. Wa ndani hufungua koki moja baada ya nyingine, za moto na za baridi, jikoni, bafuni, chooni. Wa nje huita, “Vipi huko?” Koki ikiwa bado inatema maji, wa ndani hujibu, “Bado!” Yakiisha kabisa ndipo dawa inapopitishwa, na wa ndani haiti “Pinki!” mpaka aione kwa macho yake. Wa nje haachi mpaka alisikie neno hilo. Miaka yote wa nje alikuwa Duane na wa ndani alikuwa Verlyn. Sauti zao zilivuka ziwa kama za watu wanaogombana, ingawa ugomvi wao wa kweli ulikuwa wa chinichini, na ulihusu kiwanja hiki, ambacho mama yao alimwachia mkubwa peke yake.

Mwaka jana walipomaliza trela, Verlyn alivaa suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani, akashuka ziwani kutoa kipande cha mwisho cha gati kabla barafu haijakibeba. Alikanyaga shimo. Suruali ya namna ile ikishaingia maji humvuta mtu chini kama gunia la saruji. Ardis alikuwa kanisani na wanawake wenzake, anasukuma mikate ya viazi. Duane aliwaambia watu wa sherifu kwamba hakusikia kitu; kompresa ilikuwa inanguruma. Naibu Tollefson, kijana mwenye adabu na kalamu nyingi mfukoni, aliandika “kelele za kompresa” na kumshukuru kwa ushirikiano.

Lakini kompresa hujizima yenyewe. Tangi lake likijaa upepo, hunyamaza, na haingurumi tena mpaka upepo upungue. Haipumziki kwa sababu moja tu: kama mtu ameung'oa mpira unaopeleka upepo kwenye mabomba na upepo unatoka ovyo. Na Ardis aliporudi kutoka kanisani ndivyo alivyoukuta. Mpira umelala kwenye majani makavu, mdomo wazi, unapiga mluzi, na kompresa inanguruma bila kupumua. Alimweleza Tollefson. Tollefson aliigeuza karatasi yake mbele na nyuma, akasema kwa huzuni kwamba hapakuwa na mahali pa kuandika mpira.

Mwaka mzima Ardis alilala na jambo hilo kitanda kimoja. Kwamba Duane alisikia, hilo hakuwa na shaka nalo. Alitaka akiri kwa kinywa chake. Na akishakiri, alipe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya tatu.

Keki iliingia kwenye oveni. Nje kompresa iliwaka. Ardis alikuwa bado anafuta unga mikononi aliposikia Duane akiita.

“Vipi huko?”

Alisogea dirishani kumwambia asiwe na haraka, yeye hajaingia. Hakuwahi kufungua kinywa.

“Bado!” trela lilijibu.

Ardis aliganda na kitambaa mkononi. Ilikuwa sauti nene, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Sauti hiyo ilikuwa imemuuliza chumvi iko wapi kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Alipapasa mfuko wa aproni. Ufunguo wa trela ulikuwamo. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe tangu Agosti.

“Vipi huko?” Duane aliita tena, ameinama, masikio ya kofia yamemfunika mpaka mashavuni.

“Bado!”

“Maji gani haya yasiyoisha!”

Na kweli hayakuisha. Yalimwagika kutoka chini ya trela, yakachimba kijito kwenye majani, yakateremka kuelekea ziwani. Tangi la trela zima lisingetoa hata robo yake. Yalikuwa meusi. Yalibeba nyuzi za magugu ya ziwani, mabichi.

Ardis alipaswa kuogopa, na aliogopa. Lakini chini ya hofu alisikia kitu kingine kikijinyoosha, kama paka anayeamka. Alivuta kiti. Akaketi. Akamwacha Duane aendelee kuita.

Baadaye Duane aliingia jikoni akipangusa viatu, pua nyekundu. “Shemeji, trela lako lina chemchemi. Naomba kahawa. Na wewe mafua yamekushika? Leo unaitika kama dume la…” Alitazama aproni, unga, keki iliyokwisha kutoka kwenye oveni. “Umetokaje humo ukafika hapa kabla yangu?”

“Sijaingia.”

“Acha mzaha.”

Ardis aliweka ufunguo mezani, katikati yao. Kisha akamimina kahawa, bila kumwaga hata tone.

“Alikuita, Duane?”

“Nani?”

“Siku ile. Alikuita?”

“Jamani, shemeji, tumeshayamaliza haya! Nilimwambia naibu, nilimwambia mchungaji. Kompresa ilikuwa ina…”

Nje, kompresa ikajizima.

Kimya kilishuka juu ya nyumba. Oveni ililia tik, tik, ikipoa. Ndege hakulia. Ndipo kutoka kwenye trela, pale uani, bila kupaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili:

“Duane.”

Kikombe kiligonga meza. Uso wa Duane ulikuwa wa rangi ya uji.

“Aliita,” alinong'ona. “Aliita mpaka sauti ikamkauka. Nilidhani atajitoa. Siku zote alikuwa anajitoa, Verlyn, hakuna kitu kilichomshinda yule. Kisha nikawaza kiwanja… nikawaza, ngoja kidogo. Ngoja kidogo tu. Nikaung'oa mpira ili nisimsikie.”

Mwaka mzima Ardis alikuwa amejiandalia maneno ya saa hiyo. Alichofanya ni kuusukuma ufunguo kwa kidole, ukateleza mpaka kwenye mkono wa Duane.

“Nenda kamwitikie.”

Duane aliutazama ufunguo. Halafu, polepole, damu ikamrudi usoni, na pamoja nayo kicheko kibaya.

“Redio,” alisema. “Umeweka redio humo. Umeirekodi sauti ya marehemu ukanitega niseme, mwanamke mchawi wewe! Na haya maji umeyaleta na pampu.” Alisimama akauchukua ufunguo. “Naenda kuitoa hiyo takataka yako naitupa ziwani mbele ya macho yako. Na niliyoyasema hapa, nenda kamsimulie Tollefson.”

“Tollefson hana mahali pa kuyaandika,” alisema Ardis.

Alimfuata mpaka kwenye ngazi za nyuma. Alimwona akifungua trela. Alimwona akiingia, akiinamisha kichwa. Mlango ulijifunga nyuma yake. Haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, kama anavyofunga mtu aliyerudi kwake.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha koki zilifunguka, moja baada ya nyingine. Jikoni. Chooni. Bafuni.

“Shemeji?”

Kitasa kilitikisika.

“Shemeji, mlango huu umekwama! Ardis!”

Kidirisha cha bafu kilikuwa na kioo cheupe cha ukungu. Kiza kilianza kukipanda kutoka chini. Kilipanda sawasawa, kama chai kwenye glasi. Kiganja kikabandikwa kwenye kioo, juu ya kiza. Halafu ndani ya kiza.

“Ardis! Maji! Maji yamefika… Ardis, nisikie!”

Alimsikia. Kompresa ilikuwa kimya na uwanja ulikuwa kimya na alisikia kila neno.

Alishuka ngazi. Alitembea mpaka kwenye kompresa. Aliinama kama mtu anayeokota kijiko. Akaushika mpira.

Akaung'oa.

Upepo ukapiga mluzi. Kompresa ikanguruma. Ikanguruma. Haikupumzika tena. Ardis alirudi jikoni akakata keki vipande vya mraba, vyote sawa, kama wanavyovipenda kanisani.

Naibu Tollefson alifika jioni na kalamu zake. Yeye na wenzake walimkuta Duane amepiga magoti ndani ya bafu, shavu kwenye ukuta. Nguo zake zilikuwa kavu. Sakafu ilikuwa kavu. Kila koki ilikuwa kavu, ila mdomoni mwa kila moja palining'inia tone la pinki. Mtu alikuwa ameimaliza kazi, na kuimaliza vizuri. Daktari wa kaunti alipompasua alikuta mapafu yamejaa maji ya ziwa na magugu. Lakini karatasi ya kaunti haina nafasi ya mtu aliyezama ndani ya trela kavu, kwa hiyo, baada ya kushauriana, waliandika kwamba moyo ulisimama.

“Ulisikia chochote, mama?” Tollefson alimuuliza.

“Kompresa ilikuwa inanguruma.”

Aliandika. Akamshukuru kwa ushirikiano.

Usiku huo Ardis alilala usingizi mmoja mpaka asubuhi. Novemba ilikuja barua nyingine ya kaunti: suala la trela limefungwa, kwa kuwa mwenye jina alifika mwenyewe kwenye dirisha la mapokezi na kutambuliwa, ila anaombwa, siku nyingine, ajikaushe kabla ya kuingia ofisini. Ardis aliisoma, akacheka mpaka akatoa machozi, akaibandika kwenye friji. Alijua Verlyn amekwisha kulipwa chake, na hatarudi.

Hakuwa amemfikiria Duane.

Januari, mchana mmoja wa jua kali lisilo na joto, Ardis alisimama jikoni kujaza birika. Nyumba ilikuwa na moto wa kutosha. Paka alikuwa amejikunja juu ya hita. Alifungua koki. Ikatoa maji kidogo, ikakohoa. Ikatema upepo. Ikakohoa tena.

Ndipo akausikia mngurumo kutoka kwenye banda, kule Tollefson alikokuwa amemwekea kompresa ya marehemu Duane. Banda halina umeme. Mlangoni pake theluji ilifika kiunoni, na hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Aliizungusha koki kuifunga. Haikufungika. Ilipuliza upepo mkavu usoni pake, wa baridi, na ulimi wake ukamkauka, na macho yake, na koo, kana kwamba kitu kinatolewa ndani yake hatua kwa hatua, kutoka chini kwenda juu.

Kisha kompresa ikajizima yenyewe.

“Vipi huko, shemeji?”

Sauti ilitoka nje, karibu kabisa na ukuta. Ilikuwa na uchangamfu wake uleule.

Ardis alibana meno. Neno lilikuwa moja tu la kumfanya mtu wa nje aache, na hakuwa tayari kulisema kwa ajili ya Duane, hata kama ni kwa uhai wake mwenyewe. Alibana mpaka taya zikamuuma. Koki ilikuwa imenyamaza, kavu. Lakini kooni mwake kitu chembamba kilipanda, chenye utamu wa dawa, kikafika nyuma ya meno, kikapenya pembeni mwa midomo.

Alijifuta kwa ncha ya aproni. Hakutaka kuitazama.

Akaitazama.

Amekwisha kuifua aproni ile kwa sabuni ya kila namna na kwa maji yanayochemka. Doa lipo palepale, dogo kama ukucha, halikauki, na rangi yake ni pinki.