Albamu Tatu za Kuanzia

"Nimekuita mara tatu."

Fundi spika aligeuka ghafla, bisibisi mkononi. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na sare yake ya posta. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu ahamie kwa dada yake.

"Samahani. Msumeno wa seremala hapo nje unanguruma."

"Seremala amefunga leo."

Fundi akaweka bisibisi chini. Mke wake akaingia, akaweka bahasha juu ya meza, katikati ya nyaya na misumari.

"Hii imepita dirishani kwangu asubuhi. Ina muhuri wa kliniki ya masikio. Sijaifungua."

"Fungua tu."

Akasoma akiwa amesimama. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto limebaki chini ya nusu. Mgonjwa ameitwa mara mbili kuwekewa kifaa, hakufika. Aje Alhamisi ijayo.

"Tangu lini?"

"Miezi minane sasa."

"Kwa hiyo nilipokuwa naongea peke yangu jikoni..."

"Nilisikia sauti. Maneno siyapati."

"Mimi nikadhani umenichoka. Nikasema una mwanamke."

"Najua. Dada yako aliniandikia: 'Shemeji, kama una mwingine sema, usimtese mdogo wangu.'"

"Na hukumjibu."

"Niliona heri uondoke na hasira zako kuliko ubaki kwa kunihurumia. Halafu niambie, nani atamletea kiziwi spika atengeneze?"

Macho ya mke yalipanda kwenye rafu nyuma ya mumewe. Zilijaa albamu za rap, alizozikusanya tangu ujana. Miaka minne ya ndoa mke alikuwa akiziita watu wanaogombana kwa mashairi, na zikipigwa anafunga mlango wa chumbani.

"Hizi bado unazisikiliza?"

"Naweka kiganja juu ya spika. Mdundo naupata. Maneno yamekwenda."

"Na rap si ndiyo maneno yenyewe?"

"Ndiyo hayo."

Mke akavuta kiti, akakaa mbele yake, amkabili uso kwa uso.

"Nitajie albamu tatu. Za mtu asiyejua kitu."

"Wewe?"

"Mimi."

Fundi alimtazama muda mrefu, akitafuta kama anatania. Halafu akasimama. Mikono yake ilijua kila kitu kilipo.

"Usianze na zile zinazovuma mitaani. Zina kasi, utachoka dakika ya pili. Anza na hii. Huyu alikuwa dereva wa lori, anaongea taratibu, kama amekaa sebuleni kwako."

"Ya pili?"

"Huyu dada alikuwa muuguzi. Ana hasira, utamchukia. Vumilia, msikilize anavyovuta pumzi kabla ya kila ubeti. Na usiruke wimbo hata mmoja, wa tano unamjibu wa nne."

Albamu ya tatu aliishika kidogo kabla ya kumpa.

"Hii usiiguse mpaka hizo mbili zikuingie. Niliinunua wiki tuliyomzika baba."

Mke alizifunga kwenye mfuko, akaondoka nazo.

Jioni ile simu ya fundi ikatetemeka mezani.

"Dereva wa lori nimemmaliza. Wimbo wa tatu, mkewe anakufa kweli au jamaa anaogopa tu?"

"Anaogopa tu. Sikiliza wa tisa, mkewe anamfungulia mlango."

Kesho yake: "Huyu muuguzi wako simpendi."

Baada ya saa moja: "Nimemrudia. Nilimwonea."

Siku zile waliandikiana kuliko walivyowahi kuongea ndani ya nyumba moja. Mke alimuuliza kwa nini muuguzi amemtukana rafiki yake kisha akamwombea. Akaandika ubeti mzima, akauliza kama ameupata sawasawa, na fundi akausoma polepole midomo ikicheza, mteja akimsubiri kaunta.

Siku ya tano kukawa kimya. Fundi alitoa simu mfukoni mara nyingi, akairudisha. Kesho yake saa nne asubuhi ujumbe ukaingia.

"Nimelia kazini mbele ya foleni. Kwenye ile ya tatu, pale mtoto anapovaa viatu vya baba yake kwenda kupokea rambirambi. Miaka minne hujawahi kunisimulia habari za baba yako."

Akaandika, "Hukuuliza." Akafuta. Akaandika tena.

"Sikujua pa kuanzia."

"Nami kila ukitaka kuanza nilikuwa nafunga mlango. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekuficha. Nisamehe wewe."

"Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Utaenda, hutaenda?"

Fundi alitazama rafu, akatazama mteja aliyekuwa akigonga kaunta kwa vidole bila yeye kusikia.

"Nitaenda."

Alhamisi alimkuta mkewe kwenye benchi la kliniki, begi lake la nguo miguuni. Hawakulizungumza lile begi. Fundi alilibeba tu walipoitwa ndani.

Mtaalamu, mama wa makamo mwenye mikono baridi, alimpachika kifaa sikio la kushoto, akakiwasha.

"Mama, zungumza naye. Chochote."

Mke akainuka. Akasogea karibu.

"Mume wangu. Dada anakusalimia. Anasema umsamehe kwa ule ujumbe."

Fundi akakunja uso. Akafumba macho, kama anavyofanya akipima spika mbovu.

"Hasikii?" mke akamuuliza mtaalamu.

"Nasikia," fundi akasema. "Sauti yako imekuwa ya bati."

"Utaizoea," mtaalamu akasema. "Miezi miwili, mitatu. Kama ilivyokuwa zamani haitarudi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Sema tena," akamwambia mkewe.

Akasema tena.