Taa Zilizozimwa Mapema

Haya yalimpata rafiki yangu, yule anayesimama uwanjani na vijiti viwili vya taa kuelekeza ndege mahali pa kuegesha. Marubani waungwana huzima taa kubwa za mbele wanapomkaribia mwelekezaji, zisimchome macho. Sasa kulikuwa na rubani mmoja mzee. Mwenzake rafiki yangu, Mama Pacha, alikuwa akizimiwa mapema na kupungiwa mkono pia. Rafiki yangu alimulikwa mpaka mwisho.

"Kwani macho yangu mimi ni ya jiwe?" aliniambia kwa wivu.

Mama Pacha alipokwenda likizo, rafiki yangu akaomba zamu yake ya alfajiri. Kulikuwa na giza na mvua. Ndege ya mzee ikaja ikinguruma, taa zikamjaa usoni. Ghafla zikazimika, ndege ingali mbali. Moyo ukamruka kwa furaha. Ndege ikaegeshwa, injini zikanyamaza, ikabaki mvua tu ikigonga kofia yake.

Rubani aliposhuka, rafiki yangu alimkimbilia. "Asante, kapteni. Leo umenikumbuka."

"Si wewe, binti yangu," mzee akasema. "Nilimzimia yule mwenzako aliyekuwa nyuma yako, amekushika mabega."

Wivu ulimpanda kabla ya woga. Akageuka kutazama kule alikokuwa akielekeza ndege, amwone huyo mwenzake. Hapakuwa na mtu. Pale aliposimama yeye palishalowa. Hatua moja nyuma ya hapo, kwenye lami, palikuwa na alama mbili kavu za nyayo, na matone ya kwanza ya mvua ndiyo yalikuwa yanaziangukia.