Gari Lililokataa Kukata Kushoto

Sauti ilianza kwenye kona ya kwanza ya safari. Krrr, krrr, mfano wa mtu anayetafuna mawe. Mukhtari alipouweka usukani sawa, ikanyamaza. Alipokata tena kushoto kuishika njia ya Afmadu, ikarudi kwa nguvu hata sakafu ya gari ikatetemeka.

"Nini hiyo?" Sabah, mkewe, aliuliza, mkono juu ya tumbo.

"Beringi tu. Usiogope."

Mukhtari alikuwa fundi magari kwa miaka kumi na minne sasa, na fundi haogopi sauti anayoijua jina. Gari likikata kushoto, uzito wote huegemea gurudumu la kulia. Kwa hiyo beringi ya kulia imekwisha, basi. Lakini gurudumu likivunjika nyikani, katikati ya Kismayu na mpaka wa Kenya, ndiyo maziko yenyewe. Akageuza gari, wakarudi nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Wenye bunduki walipita nyumba hadi nyumba wakisaka pikapu za kufungia mizinga. Mashua za Wabajuni zilikwisha kuporwa, na hospitali ilibaki kuta tupu. Sabah alikuwa na mimba ya miezi minane. Tatu za kabla yake ziliharibika. Hii ya nne Mukhtari alikuwa ameapa itazaliwa Kenya, mikononi mwa daktari, hata kama itambidi alisukume gari mpaka Liboi.

Akapiga jeki nyuma ya nyumba, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Halikucheza hata kidogo. Akalifungua. Beringi ilikuwa inang'aa, nzima kabisa, afadhali kuliko za magari ya mawaziri. Akaibadilisha hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na wazo jingine, akafunga, akashusha jeki, na kabla hajawasha hata injini akauzungusha usukani kushoto.

Krrr.

Mukhtari akatoa mkono kwenye usukani upesi. Beringi haisagi gari likiwa limesimama. Hilo hata mke wa fundi analijua.

Akapiga jeki tena, akafungua tena, jua likiwa utosini na jasho likimwingia machoni, na safari hii ilimjia harufu ya mwani uliooza, harufu ya ufuoni maji yakitoka, ingawa bahari ilikuwa mbali na upepo haukuwapo. Akafuta grisi kwa kitambaa. Ndani ya grisi mlikuwa na kibanzi cheupe. Akakibana kwa kucha, akitumaini ni chuma. Hakikuwa chuma. Akalirudisha gurudumu mahali pake, kibanzi kimembaki kiganjani.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo utazame."

Mwanalima, mamake Sabah, alikitazama kile kibanzi, kisha akalitazama gari.

"Mukhtari, mwanangu, jana uliingiza gari wapi?"

"Hapa hapa. Walikuwa wanakuja, Mama. Nilirudi kinyumenyume mpaka ukutani, sikutazama chini."

Mwanalima alikwenda ukutani akainua jamvi kuukuu. Chini yake palikuwa na furushi la bafta nyeupe, limechorwa alama za tairi, na ndani yake mifupa ya mbuzi ilikuwa imesagika unga.

Kwao kisiwani Chovai, binti wa ukoo wao akishika mimba huchinjwa mbuzi. Nyama huliwa, mifupa haivunjwi hata mmoja; huviringwa kwenye bafta na kuzamishwa mbele ya kisiwa, fungu la wenyewe wa bahari, wasiotajwa jina. Mwanalima alikuwa amechinja, akakosa mashua, akaliweka furushi kungoja njia.

"Hakuna mchu aliyewahi kuwavunjia," alinong'ona, Kibajuni cha kwao kikimtoka. "Hata mmoja. Na sasa mwenyewe amekaa hapo, amepanda, anatafuna."

Mukhtari alitaka kucheka, maana ndivyo alivyozoea kuyafanyia mambo ya mkwewe, lakini gurudumu lililokuwa juu ya jeki, ambalo hakuna mkono uliolishika, lilianza kuzunguka, polepole, kisha likakata lenyewe kuelekea baharini, na usukani ndani ya gari tupu ukazunguka pamoja nalo, na ile sauti ikatoka, si krrr ya chuma tena, ila taya, taya zenye mate, zikisaga, zikimeza, zikianza upya, na kila zilipomeza Sabah alijishika tumbo pale mlangoni akilia kwamba anavutwa, anavutwa ndani.

Mwanalima alikuwa amekwisha kutia ubani makaani. "Tuwieni radhi," alisihi. "Tutawapa mbuzi mwingine. Tupeni siku saba tu."

"Siku saba!" Mukhtari alisema. "Mbuzi gani, Mama? Mji mzima hauna kuku!"

Mtaa wa pili bunduki zililia. Mlango wa mtu ukavunjwa, mwanamke akapiga yowe. Mukhtari akapiga magoti mbele ya gurudumu, fundi mzima, akalikumbatia kwa mikono yenye grisi.

"Toka kwenye gari langu! Ingia popote unapopenda, chukua unachotaka, lakini toka, gari liende!"

Mwanalima alimrukia akamziba mdomo. Alichelewa. Gurudumu lilisimama.

Akashusha jeki, wakaondoka saa ile ile. Kona ya kwanza ya kushoto, kimya. Ya pili, kimya. Mukhtari alicheka kwa sauti, akapiga usukani kofi la furaha. Mwanalima, aliyeketi nyuma juu ya mizigo, hakumwondolea Sabah macho siku mbili nzima.

Asubuhi ya siku ya tatu walivuka mpaka wakaingia Liboi. Muuguzi aliyewapokea alimlaza Sabah kwenye hema, akampima, akasema mama hana neno. Mukhtari alitoa machozi, akamshukuru Mungu bila kuona haya.

"Njoo," Sabah alimwita, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. "Mwanao ameamka. Tega sikio."

Mukhtari akapiga magoti, akaweka sikio tumboni. Mtoto alitulia kidogo, kisha akajigeuza, polepole, upande wa kushoto.

Krrr, krrr.

"Umemsikia?" Sabah aliuliza.