Zamu ya Maji Haiandikwi na Kila Mkono

Asubuhi ya Alhamisi Ikupa alikuwa akiwamiminia wanawe uji aliposikia makelele kutoka mferejini. Hapa Ubaruku, msimu wa mpunga, kelele za mferejini si za kupuuza. Watu wameshapasuana vichwa kwa ajili ya maji. Aliacha uji akakimbia.

Kwenye lango la maji walisimama wanaume wawili. Mzee Didas alishika jembe, na hakulishika kama mtu anayekwenda kulima. Sosthenes, jirani yake wa shamba, alikuwa na simu mkononi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye majaruba ya mpunga ya Sosthenes.

"Alhamisi ni yangu tangu skimu hii ya umwagiliaji ianze!" alifoka Didas. "Miche yangu imekuwa ya njano. Leo nisipopata maji nimekwisha!"

Sosthenes alimnyooshea simu. "Soma mwenyewe, mzee. Faili la zamu linasema Alhamisi ni Sosthenes."

Didas akageuka. "Mama Ombeni, wewe ndiye katibu wetu wa maji. Umekula nini cha huyu?"

Ikupa alisogea karibu. Hakuwa amekula hata ndizi ya mtu. Alifungua simu yake, akalitazama jedwali la zamu alilolitengeneza mwenyewe na kulituma kwenye kundi la wasap. Jina la Zabron, mkulima mwenzao, lilikuwapo mara mbili, Jumatano na Ijumaa. La Didas halikuwapo kabisa.

"Sikufanya hivi," alisema. Watu walizidi kuja, na baadhi walikuja na majembe.

Gloria, afisa ugani, anakaa ng'ambo ya mfereji. Alipoitwa alitoka mbio na kompyuta yake ya mkononi.

"Baba, weka jembe chini kwanza tuangalie," alimwambia Didas. Hakuliweka. Gloria akafungua faili. "Jedwali kama hili linatunza historia yake. Mnaona? Hivi ndivyo lilivyokuwa Jumapili. Alhamisi, Didas. Jumatatu likabadilishwa."

"Na nani?" Didas aliuliza.

"Limeandika: asiyejulikana."

"Basi mwizi kajificha humo humo!"

"Subiri, baba. Mama Ombeni, linki uliitumaje?"

"Niliruhusu yeyote mwenye linki aweze kuhariri," Ikupa alisema kwa aibu. "Niliona si heshima kuwafungia wenzangu mlango."

"Hukuwafungulia mlango tu, umewapa wote kalamu. Yeyote anaandika, yeyote anafuta, na jina lake halionekani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Sosthenes aliinamia kompyuta, akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Ni mimi," alisema. "Jumatatu, tulipotoka kumzika mama yake Zabron, nilimpa Zabron Jumatano yangu."

Hapo kila mtu akaelewa. Mfiwa wa Ubaruku hupewa maji mapema, ili alie bila kuwaza shamba. Aliyempa huchukua zamu ya mfiwa. Zamani walipatana kwa mdomo, pale pale langoni.

"Nikataka kujiandika Ijumaa, siku ya Zabron," Sosthenes aliendelea. "Kumbe nimegusa mstari wa juu. Jana nikaona Alhamisi, nikajua katibu kapanga hivyo. Mzee, nisamehe. Nimekufuta wewe."

Alifunga maji yake, akafungua ya Didas. Didas aliyafuata maji hayo shambani.

Gloria alimwonyesha Ikupa kazi yote. Kwanza walirudisha jedwali la Jumapili, wakaandika Zabron Jumatano na Sosthenes Ijumaa. Kisha wakabadilisha ruhusa: mwenye linki asome tu. Wa kuandika wakawa wawili, Ikupa na Damari msaidizi wake, kila mmoja kwa barua pepe yake, ili kila badiliko lionyeshe aliyelifanya.

"Kwa nini wawili?" Ikupa aliuliza.

"Ukiugua je? Maji hayasubiri mtu apone. Na nywila yako usimpe mtu, hata mumeo."

Majuma yalipita. Jioni moja Didas alisimama mlangoni kwa Ikupa, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nifungulie lile faili, niandike mwenyewe."

Ikupa alimwogopa bado. Hata hivyo alimtazama usoni. "Kusoma unasoma, baba. Kuandika, hapana. Ukiwa na neno, niambie."

Didas aliegemea mlango.

"Basi niandikie wewe. Kaka yangu wa Ilomba amefariki. Nasafiri sasa hivi, na zamu yangu bado."

"Pole, baba. Pole sana."

Ikupa akampigia Sosthenes. Hakufika mwisho wa maneno. "Mpe yangu ya kesho, nitamfungulia mimi," Sosthenes alimkatiza. Ikupa akaandika. Didas alifungua simu yake, akalisoma jina lake kwa sauti, akaondoka.

Aliporudi kutoka kuzika, mpunga wake ulikuwa umesimama ndani ya maji.