Kichupa Mkononi mwa Marehemu

"Mume wako ndiye aliyewatia watoto homa, Mama Gaëlle! Mashini ilikuwa yake!"

"Funga hicho kinywa, Mama Landry! Mutu ajazikwa bado, we unamutafuna?"

Ua mzima, mtaani Mutakura, ulifurika. Wengine walipanda juu ya matofali wasikose neno. Inspekta Raïssa akajipenyeza katikati yao.

Asubuhi hiyo Térence, mume wa Mama Gaëlle, alikutwa amekufa katika kiwanda cha dripu kilicho nyuma ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kupima usafi wa maji. Na hospitalini, watoto waliotundikiwa dripu hizo walikuwa wakitetemeka kwa homa. Mtaa ulishatoa hukumu: kajiua kwa aibu.

Mama Gaëlle akamshika Inspekta mkono. "Afande, kama aliumiza watoto wa watu, niambie mi mwenyewe. Kama apana, uwaambie hawa wote."

Kiwandani, chumba cha vipimo kilikuwa baridi kama kaburi. Térence alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka.

"Aliteleza, shefu," alisema Koplo Armel.

"Aangukie uso, apasuke kisogo?"

Mezani, mashine ya kupima maji ilikuwa ikifanya kazi peke yake. Ilivuta maji kutoka kwenye bomba, glu, glu, kama mtu anayekunywa usingizini. Ikanyamaza. Kisha taa ya kijani ikawaka na kulimulika shavu la maiti. SAFI, kioo kiliandika. Hakuna aliyeigusa.

Raïssa alikunjua ngumi ya marehemu. Ndani mlikuwa na kichupa cha kioo, lakiri yake haijavunjwa.

Mlango ukafunguka. Jovithe, mkuu wa uzalishaji na mume wa Mama Landry, akaingia na chupa na glasi.

"Mashini aidanganyi, afande," alisema. "Tunaipa kichupa cha maji yenye sukari kidogo sana, kipimo kinajulikana; sukari ndiyo uchafu wa mfano. Inaunguza uchafu kwa mwanga, inahesabu hewa inayotoka. Ndiyo inajua: hiki ndicho kidogo. Kisha inalinganisha maji yetu na hicho."

"Na ukiifundisha vibaya?"

"Vichupa vinakuja tayari! Maji yetu haya, kunywa."

Akamimina, akamnyoshea glasi. Raïssa hakuipokea. Alingoja. Mjini humu, anayekumiminia kinywaji huonja kwanza, uone kwamba kifo hakimo. Hata mlevi aliyesahau jina la mama yake hasahau hilo.

Jovithe hakuonja.

"Anza wewe, mwenye nyumba."

"Leo nimefunga, afande."

Makombo ya mandazi yalikuwa bado kwenye sharubu zake.

Macho ya Raïssa yakapanda ukutani. Sisimizi walikuwa katika mstari mmoja mweusi, wakiingia kwenye sanduku la vichupa.

"Sukari ya kichupa ni kiasi gani?"

"Hata ulimi auisikii."

"Hawa wameisikiaje?"

Mashine ikameza. Glu.

"Armel, lete maji ya pipa la mvua."

Yalikuwa na viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga. Mashine ikayanywa, ikafikiri, ikawasha kijani. SAFI. Armel akafanya ishara ya msalaba.

"Sasa ifundishe upya," Raïssa alimwambia Jovithe. "Kwa kichupa cha Térence. Kisha uipe maji yako ya dripu."

Jovithe akavunja lakiri, akaipa mashine kichupa, kisha maji ya dripu. Mashine ikanywa polepole. Ikatulia. Chumba kizima kikawa chekundu: taa, kuta, maji, kisogo cha maiti.

"Marehemu ametoa ushahidi," alisema Raïssa. "Wako uko wapi?"

Jovithe akakaa sakafuni.

"Chujio lilikufa. Kulibadilisha, lazima tusimamishe kiwanda. Na mi nilishafanya karamu ya kupewa ukubwa, afande! Mtaa mzima walikula, nikaapa mbele yao: chini yangu kiwanda akitasimama hata siku moja. Nikafungua vichupa, nikaongeza sukari, nikafunga tena. Mashini ikazoea kuona uchafu mwingi ni kidogo. Térence akaona sisimizi. Akaleta kichupa kizima, akasema anasimamisha. Nikamusukuma, akagonga pembe ya meza."

"Na kifudifudi?"

"Nilimugeuza. Alikuwa ananiangalia."

Raïssa aliagiza dripu zote zirudishwe. Kisha akasimama katikati ya ule ua na kusimulia yote kwa sauti, mpaka walio juu ya matofali wakashuka. Mama Gaëlle alilia mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama Landry alibaki ukutani, wanawe wameshika kitenge chake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa, kama watu wanaokwepa shimo.

Mama Gaëlle akafunua sufuria ya msiba, akapakua maharage na ndizi. Mbele ya macho yote akatia tonge kinywani mwake kwanza, akatafuna, akameza. Kisha akanyosha sahani.

"Mama Landry. Watoto awajakula. Ingieni."